Injini ya Boti Inachemsha: Anza na Swali, Spana Baadaye

"Nimebadilisha impela, bado inachemsha." Hii ndiyo kauli ninayoisikia mara nyingi kuliko zote kutoka kwa wenye injini za kupachika, zile zinazofungwa nyuma ya boti. Mara nyingi impela mpya, lile gurudumu la mpira la pampu ya maji, haina kosa lolote, na hata ile ya zamani pengine haikuwa nalo. Kilichokosekana ni swali lililopaswa kuulizwa kabla ya kushika spana: inachemsha wakati gani? Ikiwa sailensa, yaani inanguruma taratibu bila kuongezewa mafuta, au ukifungua mafuta yote? Dakika tatu baada ya kuwaka, au baada ya nusu saa ya safari? Mkojo, ule mchirizi wa maji nyuma ya injini, unatoka au umekatika? Mwenye majibu ya maswali haya anajua pa kuanzia. Asiyekuwa nayo atanunua vipuri kimoja baada ya kingine mpaka abahatishe.

Nimepanga matatizo hapa kwa dalili, kama watu wanavyoyaeleza wenyewe. Chini ya kila dalili nimetanguliza sababu ya kawaida zaidi na kipimo kisicho na gharama.

Njia ya maji kwa ufupi

Karibu injini zote za kupachika hazina rejeta. Zinanyonya maji yaleyale ambayo boti inaelea juu yake. Maji huingia kwenye matundu yenye wavu yaliyo mguuni, sehemu ya injini inayozama majini, karibu na propela. Pampu iliyokaa juu ya giaboksi huyasukuma kupitia bomba jembamba hadi kwenye bloku. Huko huzunguka silinda na hedi, hupita kwenye themostati (vali inayofunguka kwa joto), kisha hushuka pamoja na moshi na kutokea chini. Tawi dogo hutolewa pembeni ili nahodha aone kwamba pampu inafanya kazi. Huo mchirizi unaoruka nyuma ya injini ndio tunaouita mkojo.

Impela ni gurudumu la mpira lenye mabawa, na lina tabia mbili. Kwenye sailensa, mabawa yanasugua ukuta wa kikombe cha pampu na kusukuma maji kwa kuyabana. Mzunguko ukipanda, mabawa hujikunja kwa shinikizo, huachana na ukuta, na pampu huanza kuyarusha maji kwa kasi tu. Ndiyo maana impela iliyochakaa inaweza kushindwa kwenye sailensa halafu ikaonekana nzima ukifungua mafuta. Kizuizi kwenye njia hufanya kinyume chake: kwenye sailensa hakihisiki, kwenye mwendo mkubwa kinanyima injini maji.

Sehemu kubwa ya utatuzi wote ulio hapa chini imejengwa juu ya tofauti hiyo.

Ikichemsha ukiwa majini

King'ora kimelia, au mkojo umekatika, au unasikia harufu ya rangi inayoungua. Punguza mafuta mpaka sailensa na uweke gia huru. Tazama mkojo. Kama maji yanatoka, iache ingurume dakika moja au mbili ipoe taratibu, maana kuizima ghafla kunaliacha joto limesimama ndani ya bloku. Kama hakuna tone, zima papo hapo. Impela inayozunguka bila maji huungua kwa muda mfupi sana, na pistoni hufuata.

Tia nanga kama upo karibu na miamba au mkondo unakusukuma, kisha inua mguu uangalie matundu ya kunyonyea maji. Mfuko wa plastiki uliojifunika hapo umewafanya watu wengi waamini injini imekufa. Mwani nao hujikusanya vivyo hivyo. Kabla ya kupeleka mkono karibu na propela, chomoa kamba ya usalama, ile inayozima injini nahodha akianguka. Ukishindwa kufika kwa mkono, injini ikishapoa unaweza kuiwasha na kuingiza gia ya nyuma kwa sekunde chache. Mara nyingi plastiki hujiachia yenyewe.

Usimwagie maji ya baridi bloku linalochemka. Hedi ya alumini hupinda, na hapo tatizo dogo limekuwa kubwa kwa ndoo moja.

Dalili: mkojo hautoki, au unatoka kama kijiuzi

Watu hukimbilia pampu. Anzia mwisho wa njia badala ya mwanzo, kwa sababu ndiko kunakofikika.

Tundu la mkojo lenyewe ndilo mtuhumiwa wa kwanza. Ni dogo, na chembe ya mchanga, chumvi iliyoganda au udongo wa nyigu unatosha kuliziba. Nyigu hupenda sana tundu hilo injini ikikaa wiki kadhaa nchi kavu. Injini ikiwa imezimwa, ingiza kipande cha mshipi mnene wa nailoni ukizungushe. Waya mgumu unaweza kutoboa mpira wa ndani, kwa hiyo uache. Kama mpira wa mkojo unachomoka kirahisi kwenye bloku, uchomoe na uupulizie kinyume. Uchafu ukiusukuma kuelekea ndani utarudi tena kesho.

Cha pili ni matundu ya kunyonyea maji, ambayo tumeshayagusa. Ongeza hapa chaza na makombe madogo, yanayoota kwenye mguu unaoachwa ndani ya maji ya chumvi usiku na mchana. Wavu ukionekana safi kwa nje, mulika tochi ndani yake. Nimewahi kukuta nje kumesuguliwa vizuri na ndani kumejaa.

Cha tatu ndiyo impela. Kama imefanya kazi misimu miwili bila kuguswa, au mguu uliwahi kupita kwenye mchanga wa maji machache, au mtu aliwahi kuiwasha injini nchi kavu "sekunde tu, nione kama inawaka", ihesabu kuwa imekwisha. Vitabu vya injini hutaja muda wa kuibadilisha, na muda huo hutofautiana kwa kila aina. Mchanga hautambui ratiba hiyo.

Jambo moja huwachanganya wageni. Injini nyingi za mipigo miwili zina tundu la moshi nyuma ya mguu, juu ya usawa wa maji, linalotema moshi pamoja na ukungu wa maji kwenye sailensa. Huo si mkojo. Mtu akisema "maji yanatoka nyuma yakiwa na moshi, lakini machache", muulize kwanza anatazama tundu lipi.

Na kama mkojo unachelewa asubuhi kisha unakuja, hesabu sekunde. Ukipita 20 au 30 bila kuona kitu, zima. Impela nzima iliyozama majini haihitaji kubembelezwa muda mrefu hivyo.

Dalili: kwenye sailensa inachemsha, ukikimbia inapoa

Sababu mbili ndizo za kutazamwa hapa. Ya kwanza ni impela iliyolegea, kwa maelezo niliyoyatoa juu: mabawa hayabani tena ukuta. Dalili yake ya pembeni ni mkojo unaopepesuka kwenye sailensa na kunyooka ukifungua mafuta.

Ya pili ni themostati iliyoganda ikiwa imefunga. Injini nyingi kubwa kidogo zina vali ya shinikizo inayosaidiana na themostati. Mzunguko ukipanda, shinikizo la pampu huisukuma vali hiyo ifunguke, na maji mengi hupita bila kuisubiri themostati. Themostati ikiganda, kwenye mwendo mdogo maji ya hedi hayana pa kutokea, lakini kwenye mwendo mkubwa vali inaokoa jahazi. Katika hali hii mkojo unaweza kutoka vizuri muda wote.

Kupima themostati hakuhitaji fundi. Ifungue kwenye hedi, na uwe na gasketi mpya mkononi kabla hujaanza. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Pasha moto taratibu. Themostati za injini za kupachika hufunguka kwa joto dogo kuliko za magari, nyingi zikiwa kati ya nyuzi 48 na 62 za Selsiasi hivi, na nyuzi zake halisi mara nyingi zimechongwa kwenye chuma chake. Kuna sababu ya joto kuwekwa chini hivyo: maji ya chumvi yakipashwa zaidi huacha magamba haraka kwenye kuta za bloku. Isipofunguka, au ikifunguka nusu, loweka kwenye siki uondoe magamba, suuza, upime tena. Ikigoma mara ya pili, nunua mpya.

Unapoifungua, utazame mfuko wake. Chumvi nyeupe iliyojaa hapo ni dondoo ya hali ya bloku zima.

Dalili: kwenye sailensa iko sawa, ukifungua mafuta inachemsha

Hapa ndipo watu hupoteza fedha nyingi zaidi, kwa sababu sababu ni nyingi na nusu yake hazimo ndani ya injini.

Anza na kizuizi cha kunyonya: plastiki iliyofunika tundu la upande mmoja tu, mwani, au makombe. Kwenye sailensa, nusu ya tundu inatosha. Kwenye mwendo, haitoshi.

Kisha tazama injini ilivyofungwa kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti. Juu ya propela kuna bamba pana lililolala. Kwa boti nyingi, bamba hilo linatakiwa kuwa takriban usawa mmoja na chini ya boti. Injini ikikaa juu mno, propela na matundu ya maji huvuta hewa. Utajua kwa sauti: mzunguko unapanda ghafla bila boti kuongeza mwendo, hasa ukikata kona. Injini hutengenezwa kwa urefu tofauti wa mguu, na urefu uliozoeleka ni wa tezi za inchi 15, 20 na 25. Mguu mfupi kwenye tezi ndefu hautakaa sawa hata ukiweka impela mpya kila mwezi. Kuinua mguu kwa nje kupita kiasi ili boti iteleze huleta shida ileile. Ushushe, ukimbie tena, utazame.

Boti za mbao zina jambo lao. Mkuku (ule uti mrefu wa chini ya boti) mnene ulioishia butu mbele ya injini hukata maji na kuacha mapovu nyuma yake, na matundu ya kunyonyea yako palepale kwenye mapovu. Pampu inanyonya povu. Dawa yake ni seremala kuchonga mwisho wa mkuku uwe mwembamba na wenye mteremko, na mara nyingine kushusha injini kidogo. Nimemwona mtu akifungua pampu mara tatu kwa tatizo la mkuku. Vivyo hivyo kwa kifaa cha kupimia kina kilichofungwa mbele ya mguu moja kwa moja.

Kama nje ni salama, ingia ndani kwa mpangilio huu:

1. Impela na kikombe chake. Tafuta mikwaruzo kwenye ukuta wa kikombe na kwenye bamba la chini. Mfereji unaoshika ukucha unatosha kupoteza shinikizo.
2. Vali ya shinikizo iliyoganda ikiwa imefunga, au springi yake imeoza.
3. Magamba ya chumvi kwenye mifereji ya bloku.
4. Mchanganyiko wa petroli na hewa wenye petroli kidogo. Jeti ya kabureta iliyoziba nusu huongeza joto la mwako hata maji yakiwa tele. Dalili yake ni plagi nyeupe kama chokaa.

Sababu hiyo ya mwisho husahaulika kwa sababu kila mtu anatazama maji tu. Propela yenye pembe kali kuliko uwezo wa injini, au boti iliyopakiwa kupita kiasi, hufanya kazi ileile: injini inalazimishwa kwa mzunguko mdogo huku mafuta yamefunguliwa yote, na joto linapanda.

Dalili: mkojo ni mzuri kabisa, lakini inachemsha

Kwenye injini nyingi mkojo hukatwa mapema, kabla maji hayajamaliza safari yake kwenye hedi. Unathibitisha kwamba pampu inasukuma, na hapo ushahidi wake umekwisha. Kuhusu maji yaliyofika au kutofika kwenye silinda ya juu, mkojo haujui lolote.

Kwa hiyo pima joto lenyewe. Bunduki ndogo ya kupimia joto kwa mbali ndiyo zana bora hapa. Elekeza kwenye hedi ya kila silinda na ulinganishe. Zote zikiwa moto kwa pamoja, fikiria themostati au magamba. Moja ikiwa moto sana kuliko wenzake, kuna mfereji ulioziba karibu nayo au gasketi ya hedi inavuja hapo. Usipokuwa na kifaa, dondosha matone mawili ya maji kwenye chuma cha hedi. Yakikauka taratibu, joto halijafika hatari. Yakitatarika na kurukaruka, umeshapita nyuzi 100, zima.

Magamba ya chumvi yanahitaji subira. Kwa magamba mepesi, wengi huzungusha mchanganyiko wa siki na maji, au dawa ya kuyeyusha magamba iliyotengenezwa kwa injini za boti, kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha wakasuuza kwa maji matamu mengi. Tindikali kali za kusafishia vyoo usizikaribie. Zinakula alumini kwa furaha ileile zinayokula chumvi. Magamba yaliyokaa miaka hayatoki kwa kuzungusha kitu. Inabidi hedi na kifuniko cha moshi vifunguliwe, na bolti zilizooteana na chumvi hukatika kama kijiti. Kama hujawahi kutoa bolti iliyokatikia ndani ya alumini, siku hiyo mpe fundi kazi.

Injini kadhaa za mipigo minne zina vipande vya zinki ndani ya njia za maji, vinavyolika ili bloku lisilike. Vikiachwa huvimba, humeguka na kuziba njia. Vitafute kwenye kitabu cha injini yako. Wenye injini wengi hawajui kama vipo.

Dalili: impela mpya, tatizo palepale

Turudi kwenye kauli ya mwanzo. Pampu ikiwa imefunguliwa na kufungwa juzi, shuku mikono kabla ya chuma. Haya ndiyo makosa ninayoyakuta, la kwanza likiongoza kwa mbali.

Bomba la maji halikuingia kwenye mpira wake. Unaporudisha mguu, bomba refu linalopeleka maji juu linatakiwa kuzama kwenye mpira ulio juu ya kikombe cha pampu. Huoni vizuri, unakisia, bolti zinakaza, na bomba limekaa pembeni au limekunja mpira. Pampu inajaza mguu badala ya bloku. Paka mpira huo grisi kidogo au sabuni, na mtu wa pili ashike tochi. Kazi hii ina wivu, haipendi kufanywa peke yako.

Mabawa yamelala upande usio wake. Kwenye injini za kawaida shafti huzunguka kisaa ukiitazama kutoka juu. Unaposhusha kikombe, zungusha shafti kisaa huku ukikibonyeza taratibu, mabawa yatajilaza yenyewe. Impela ya zamani usiigeuze upande ukidhani imepata maisha mapya. Mabawa yaliyozoea kupinda upande mmoja hukatika.

Kifunguo kidogo cha chuma kinachoshika impela kwenye shafti kimesahauliwa, au kimeteleza wakati wa kufunga. Shafti inazunguka, impela imetulia.

Vipande vya impela ya zamani vimebaki njiani. Hili halihusu ufungaji, lakini ndilo linalorudisha watu. Ukifungua pampu na kukuta bawa moja halipo, lile bawa halikuyeyuka. Limepanda na bomba na kukaa kwenye kona ya kwanza ya bloku au kwenye themostati. Hesabu mabawa, panga vipande mezani mpaka impela itimie. Kisichotimia, kitafute: chomoa themostati, pitisha maji kwa mpira wa bustani kutoka juu kwenda chini, uone kinachodondoka.

Bamba la chini, gasketi na oringi zilirudishwa za zamani. Kununua impela peke yake bila seti yake ni ubahili unaogharimu, na wauzaji nao wanachangia kwa kuuza kipande kimoja kimoja.

Kwa anayeshusha mguu kwa mara ya kwanza: chomoa waya za plagi na kamba ya usalama. Piga picha ya kiungo cha gia kabla ya kukitenganisha na ukumbuke gia ilikuwa wapi. Kagua kama kuna bolti iliyojificha chini ya kile kipande cha zinki kilicho juu ya propela. Mguu usiposhuka kwa kugongwa kwa nyundo ya mpira, bado kuna bolti, au shafti imeshikwa na kutu. Usitie bisibisi kwenye kiungo ukabenua. Wakati wa kurudisha, paka grisi kwenye meno ya shafti pembeni tu. Grisi iliyojazwa kwenye kichwa chake inakosa pa kwenda na inazuia mguu kupanda hadi mwisho.

Dalili: haipati joto kabisa

Hii hailalamikiwi sana kwa sababu haina king'ora. Injini inatetemeka kwenye sailensa, plagi zinarudi nyeusi, na kwenye mipigo minne kiwango cha oili kinapanda badala ya kushuka, huku ikinuka petroli. Themostati imeganda ikiwa wazi, kuna kipande cha uchafu kinachoizuia kufunga, au mtu aliitoa.

Kuitoa ni desturi ninayoipinga waziwazi. Huanza kwa nia njema, "maji yapite vizuri", lakini injini baridi haiunguzi petroli yote. Sehemu yake husafisha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka kwenye oili ya chini. Kama ulikuwa na tatizo la kuchemsha likaisha ulipoitoa, tatizo halikuisha, limefichwa. Rudisha themostati, tafuta kilichosababisha.

Dalili: king'ora kinalia, lakini injini haina joto

Kwanza hakikisha king'ora kinasema joto. Kwenye injini nyingi king'ora kimoja hulilia oili pia, kwa mlio tofauti au taa tofauti, na dalili za oili hazina mjadala: zima. Ukishajua ni joto, pima hedi kwa kifaa. Ikiwa kweli iko poa, kagua waya wa sensa: umechunika wapi, umegusa bloku wapi, kiungo chake kimeota ukungu wa kijani? Sensa hufuata, na ni ya bei nafuu kuliko kompyuta ya injini ambayo watu huilaumu mapema. Kuchomoa waya ili king'ora kinyamaze uendelee na safari ni kuzima mlinzi, si kumkamata mwizi.

Dalili za kuacha kugusa na kumwita fundi

Oili ya injini ya mipigo minne imekuwa nyeupe kama maziwa. Plagi moja inatoka ikiwa imesafishwa kabisa au ina matone ya maji. Mvuke unatoka nyuma mfululizo injini ikishapata joto. Injini imewahi kuzimika yenyewe kwa joto, na sasa inavutika kwa wepesi usio wa kawaida, au haivutiki kabisa. Ukiona mojawapo ya hayo, pengine gasketi ya hedi imeungua, hedi imepinda, au pistoni imekwaruza silinda. Kipimo cha kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kitathibitisha: tofauti kati ya silinda ikizidi asilimia 10 hadi 15, kuna kazi ya ndani. Bolti za hedi hukazwa kwa mpangilio na kwa nguvu iliyopimwa, na hedi husawazishwa kwa mashine. Hakuna spana ya kawaida inayofidia hayo. Injini iliyonoki, yaani iliyokwama, ukailazimisha kuzunguka kwa kamba au stata unaiharibu zaidi.

Maziwa kwenye oili ya giaboksi ni habari nyingine. Hapo mara nyingi ni sili ya shafti, ile iliyo chini ya pampu au ile ya propela, na bloku halihusiki. Lakini kwa kuwa sili ya juu iko chini ya pampu, kila unapofungua pampu itazame.

Kusuuza baada ya maji ya chumvi

Dakika 10 hadi 15 za maji matamu baada ya kila safari ya chumvi huzuia nusu ya yaliyo hapo juu. Ukitumia vikombe vya mpira vinavyobana matundu, fungua bomba kwanza, washa injini baadaye, kwenye gia huru na sailensa, mtu asisogelee propela. Ukitumia pipa, maji yafunike bamba lililo juu ya propela na zaidi. Injini yenye tundu maalumu la kusuuzia, kwa aina nyingi, husuuzwa ikiwa imezimwa, kwa sababu maji ya tundu hilo yanaingia juu na pampu iliyo chini inabaki kavu. Nimeona impela mpya ikiungua siku ya kusuuzwa kwa kosa hilo. Kumbuka pia kwamba themostati iliyofunga hupunguza maji yanayofika kwenye hedi, kwa hiyo kwa kusuuza kwa kuwasha, subiri injini ipate joto ndipo uhesabu dakika.

Na ikitokea maji ya chumvi yameingia ndani ya silinda, iwe kwa gasketi au kwa boti kupinduka, usiiache injini ilale hivyo. Chomoa plagi, funga waya zake kwenye chuma zisitoe cheche, geuza injini kwa mkono mpaka maji yaishe, nyunyiza oili kwenye kila silinda, geuza tena. Kisha ifikishe kwa fundi siku hiyohiyo. Kutu kwenye beringi huanza ndani ya saa chache injini ikishatolewa majini na kukutana na hewa.